Swichi ya Chumba cha Uani

Kila anayeingia dukani kwangu kununua taa namuuliza maswali matatu kabla sijashusha boksi lolote. Chumba ni cha nani? Anafanya nini humo? Swichi itakaa wapi? Wapo wanaonikasirikia. Kijana mmoja aliyekuwa anamalizia nyumba yake Mazinde aliniambia, "Mama, nimekuja kununua taa, sikuja kuandikishwa." Nikamwambia aende sokoni kwa wale wanaopanga taa chini kwenye turubai karibu na vitunguu. Baada ya wiki alirudi akiwa mpole, na taa tatu ambazo mkewe alizikataa.

Nauza vifaa vya umeme hapa Korogwe mjini, na kazi yangu naijua, sioni haya kulisema hilo. Nyuma ya kaunta nina ubao wenye holda sita, tatu za pini na tatu za skrubu, ambapo mteja anaona taa ikiwaka kabla hajatoa pesa. Nimewaona watu wakiweka kwenye dari ya jipsamu ukanda wa taa nyekundu na bluu, sebule ikafanana na ukumbi wa muziki, wakati jikoni mke anapika gizani kwa sababu taa imefungwa nyuma ya mgongo wake na kivuli chake kinaangukia sufuria. Ninawaambia. Wengine wanasikia, wengi hawasikii, kwa kuwa sebuleni ndiko wageni wanakokaa na jikoni hakuna anayepiga picha.

Jambo moja nimeshindwa kulibadilisha, nalo ni rangi. Huku kwetu taa nyeupe ndiyo heshima. Ukimpa mtu taa ya njano anakutazama kama umemdharau, maana ya njano ndiyo tunayowafungia vifaranga wapate joto. Hata akiwa mtu wa kusoma kitandani, hata macho yakiwa yanamuuma, atataka nyeupe, tena ile kali inayoonyesha mpaka mikwaruzo ya ukuta. Nayasema haya yote mapema ili ijulikane kwamba nilipokosea sikukosea kwa kutojua taa.

Baba yangu aliugua muda mrefu. Miezi mitatu ya mwisho alilazwa hospitali kubwa, mbali na kwetu, na mama ndiye aliyemuuguza. Alilala kwenye mkeka kando ya kitanda, akafua chini ya bomba la uani na akala alichobakiza mgonjwa. Mimi nilikuwa nakwenda Jumapili. Nilipanda basi la asubuhi na supu kwenye chupa, nikakaa mpaka wageni walipoambiwa watoke, nikarudi Korogwe kufungua duka Jumatatu. Kaka yangu anayeishi Dar alikwenda mara mbili. Sikulala wodini hata siku moja. Niliwaambia watu kwamba duka halina mtu, na ni kweli duka lilikuwa halina mtu, lakini ni kweli pia kwamba niliogopa.

Baba alifariki alfajiri, siku ya kazi. Tulimzika Kwedizinga, huko Handeni, nyumbani. Ndani wanawake tulikaa kwenye mikeka, na kila aliyeingia kumpa mama pole alitaka kusikia ilikuwaje, na mama alimsimulia kila mmoja upya. Alisema alimfuta mwili kwa mwanga wa taa ya wodini, akampa maji kijiko kimoja, akajinyoosha kidogo. Alipofumbua macho muuguzi alikuwa tayari anavuta shuka. "Nilipitiwa na usingizi," alisema. "Kidogo tu."

Aliposimulia kwa mara ya nne au ya tano, mimi kichwa kikiwa cha moto na macho yamevimba, nilisema mbele ya watu wote: "Na taa yote ile inawaka usiku kucha, ukapitiwa?"

Mwanamke mmoja alinishika bega akasema dada punguza hasira, ni mapenzi ya Mungu. Mama alivuta kanga yake mbele kidogo, akaendelea kupokea pole. Kufikia jioni nilikuwa nimeshasahau nilichosema. Msibani watu husema mengi. Ndivyo nilivyojiambia, na sikujiambia zaidi ya hapo.

Mama alikaa eda Kwedizinga, kwenye nyumba ya mumewe, miezi minne na siku kumi. Eda hiyo ndiyo iliyonipa muda wa kuandaa chumba. Niliamua kwamba ikiisha atakuja kuishi na mimi. Mume wangu wa zamani alishaoa Mombo, na huko abaki, hivyo nyumba ilikuwa yangu peke yangu na uani kulikuwa na chumba kimoja nilichokuwa nakitumia kama stoo. Nikatoa maboksi. Nikapiga lipu, nikapaka rangi ya maziwa, nikaweka dari, nikanunua kitanda cha sita kwa sita na kabati lenye kioo. Nilitaka akae kwangu mpaka mwisho wa maisha yake. Nilitaka watu waone kwamba anakaa kwangu. Yote mawili nilikuwa nayataka, na sitadanganya lipi lilitangulia.

Iliyobaki ilikuwa taa. Nilibeba nyumbani boksi zima, nikazijaribu moja moja jioni tatu mfululizo. Nilijaribu ya kuning'inia, ikapwaya. Nikajaribu ya mezani yenye kofia ya kitambaa, nikaona ataiangusha. Kulikuwa na moja ndogo ya ukutani, ya njano, yenye kikombe cha kioo, na ilipowaka pale karibu na mto chumba kilitulia hata mimi mwenyewe nikatamani kulala. Nilikaa nikaitazama. Halafu nikawaona mawifi na mashangazi wakija kumsalimia mama, wakichungulia, wakirudi Handeni kusema kwamba binti mwenye duka la taa kampa mama yake taa ya vifaranga. Nikaichomoa.

Nikachagua ile ya duara, bapa, inayobanwa kwenye dari. Nyeupe. Kubwa kuliko iliyokuwa sebuleni kwangu. Fundi aliifunga katikati ya dari, na kwa kuwa kitanda nacho kilikaa katikati, ikawa juu kabisa ya mto.

"Dada," fundi akasema akiwa bado kwenye ngazi, "hii nikiivuta kutoka kwenye laini ya taa ya kibarazani, leo tunamaliza. Nikianza kuchimba ukuta niweke swichi yake humu ndani, labda wiki ijayo, na wiki ijayo mimi niko Mombo."

Taa ya kibarazani kwangu haizimwi usiku, kwa ajili ya wezi. Swichi yake iko ndani ya nyumba kubwa, kando ya mlango wa chumba changu. Eda ilikuwa inaisha Jumamosi. Nikasimama pale mlangoni, mimi ninayewauliza wateja swichi itakaa wapi, nikasema: "Ivute tu. Tena ndiyo vizuri, mzee hatapapasa ukuta akaanguka." Mteja angeniambia hivyo ningemkatalia palepale.

Nilipiga picha nikaziweka kwenye kundi la familia kwenye simu. Kaka alijibu kwa vidole gumba vitatu.

Mama alifika na begi moja na debe la kunde. Nilimwingiza chumbani jioni, nikakimbilia ndani kuwasha, nikarudi mbio nione uso wake. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameinua kichwa, anaitazama taa.

"Mwanga unatosha, mama?"

"Unatosha, mwanangu," akasema. "Unatosha sana."

Akakaa kitandani taratibu na kuanza kufungua begi. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, nikaenda kupika nikiimba.

Wiki ya kwanza nilimwona ana macho mekundu, nikasema ni vumbi la mji. Wiki ya pili alianza kusinzia mchana, kibarazani, ungo wa kunde mapajani, kichwa kikimwanguka. Nikasema uzee umemwingia kwa kasi, nikamnunulia vidonge vya vitamini. Alivimeza bila kuuliza ni vya nini. Asubuhi nilipompelekea chai nilimkuta amejifunika kanga usoni, ameikunja mara mbili, kama mtu anayejikinga na jua shambani. Kisha akahamisha mto, akawa analaza kichwa upande wa miguuni. Hakusema lolote. Mama yangu ni mtu wa zamani, akiwa kwenye nyumba ya mtu hasemi chumvi imezidi, na nyumba yangu kwake ilikuwa ya mtu.

Siku moja nilimkuta chini. Alikuwa ametandika mkeka kwenye upenyo kati ya kabati na ukuta, mahali pembamba pale ambapo kabati lilikuwa linatupa kivuli, na kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, hakijaguswa.

"Mama! Kitanda chote hiki, unalala chini kama mtu anayeuguza mgonjwa?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani hajanisikia vizuri, nikarudia. Akainuka, akakunja mkeka, akasema, "Basi, nimesikia." Siku zilizofuata alilala kitandani, nadhani, au alikaa. Sikuchungulia tena.

Alimaliza mwezi na siku chache. Asubuhi moja akaniaga, begi likiwa tayari mlangoni. Ngedere wanamaliza mahindi, alisema. Nikamwambia ngedere walikuwepo tangu hajaolewa. Akasema nyumba ikikaa bila mtu inaingia mchwa. Nikapandwa na hasira, maana nilijua wenzangu watauliza, na nikasema maneno mengi: kwamba nimemwekea chumba ambacho hata bibi harusi wa siku hizi hapati, naye anakimbilia koroboi, kwamba kama kuna jirani kamjaza maneno amtaje. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Halafu akasema nimsindikize stendi kama nina nafasi, kama sina atakwenda mwenyewe.

Nilimsindikiza. Baada ya hapo nilimpigia simu kila Ijumaa, tukaulizana mvua na afya, na nikawa ninafunga simu nikiwa na kinyongo. Kwa watu nilisema mama kashindwa na mji. Chumba cha uani kikaendelea kuwaka kila usiku pamoja na kibaraza, hakuna mtu ndani, na sikuona ajabu.

Mvua za vuli zilipokwisha, niliinua kichwa asubuhi moja nikiwa na mteja nikamwona mama amesimama nyuma yake, mfuko wa sandarusi mkononi. Nilitaka kutoka nje ya kaunta. Akanionyesha kwa mkono nimalize na mwenye zamu.

Mteja alikuwa kijana anayekaribia kuoa. Nikamuuliza ninavyouliza siku zote. Chumba cha nani? Chao, yeye na mwenzake. Wanafanya nini humo? Akacheka, nikamwambia asinicheke, nauliza kama kuna anayesoma, kuna anayeshona. Swichi itakaa wapi? Mlangoni, akasema. Nikamwambia aweke na ya pili kando ya kitanda, aliyelala asilazimike kuamka kwa ajili ya aliyesimama. Akaona ni busara. Akanunua, akaondoka. Mama alikuwa amesikiliza neno kwa neno.

"Shikamoo mama. Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Nimekuja kununua taa." Nyumba yao Kwedizinga ilikuwa imeingizwa umeme wiki hiyo, akaeleza, na fundi kamwambia aje na taa yake ya chumbani. "Duka jingine silijui."

"Taa utanunuaje kwangu mama, kaa nikuchagulie."

"Hapana," akasema. "Niulize. Kama ulivyomuuliza yule."

Nilidhani ni utani. Nikatabasamu, nikaegemea kaunta. "Haya mama. Chumba cha nani?"

"Cha mwanamke mmoja, kafiwa na mume."

Tabasamu likanitoka. "Anafanya nini humo?"

"Analala. Akiupata usingizi."

"Na swichi ikae wapi?"

"Mkononi mwangu," akasema mama.

Mtu wa dukani akibanwa anashika bidhaa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye rafu ninayoizoea, nikachukua taa nyeupe, nikaifunga kwenye ubao, nikabonyeza. Mama aligeuza uso akatazama barabarani.

"Hiyo ilikuwa juu ya baba yako," akasema. "Miezi mitatu. Haikuzimwa, hata mara moja. Ukifumba macho unaiona, ukifumbua unaiona. Na hiyo ndiyo uliyoniwekea."

"Mama, sikujua."

"Wewe?" Akaligeukia duka, akatazama rafu kuanzia juu mpaka chini, boksi kwa boksi. "Wewe hujui taa?"

Nikazima ubao. Sauti yake haikupanda. Alizungumza kama aliyekuwa anasimulia msibani, kwa utaratibu, kwa mtu aliyeingia sasa hivi.

"Ulisema mbele ya watu, taa yote ile inawaka usiku kucha, ukapitiwa. Nikasema moyoni, mtoto anauliza haki yake. Eda ikaisha, ukanichukua, ukanionyesha chumba. Taa ni ileile, iko juu ya kichwa changu, na haina pa kuzimia. Siku ya kwanza nilitafuta swichi ukuta mzima. Nikaelewa. Nikasema kanipangia adhabu, sasa nikeshe, kwa kuwa siku ile sikukesha. Basi nikaitumikia. Nilipolala chini ukaja kunisema, ukasema nalala kama nauguza. Nikarudi kitandani. Niliposhindwa nikaondoka. Sikushindwa na mji."

Mwanamke mmoja aliingia kuulizia waya wa pasi. Nikamwambia nimefunga. Akatazama mlango ulio wazi na taa zinazowaka, akatoka akisonya.

Nilimwambia mama ukweli, ukachekesha kwa jinsi ulivyokuwa mdogo. Kwamba fundi alikuwa na kazi Mombo. Kwamba nilihofia mawifi watasema taa ya vifaranga. Kwamba neno la msibani lilinitoka nikalisahau siku hiyohiyo. Nilipofika hapo nilisikia mwenyewe ninachokisema. Mama alikuwa amelibeba neno lile miezi yote ya eda na kuja kulala chini yake kwangu, mimi nililibeba mpaka jioni.

"Kwa hiyo hukukusudia," mama akasema.

"Sikukusudia. Haki ya Mungu."

Nilitegemea uso wake ufunguke, lakini haukufunguka. Ulichoka zaidi, na leo naelewa kwa nini: adhabu ya kukusudiwa angalau ilikuwa na mtu aliyekuwa anamfikiria yeye.

"Ningelala wodini siku moja tu," nikasema, "nisingekuuliza lile swali."

"Usingeliuliza," akakubali.

"Nisamehe, mama."

"Kusamehe nimesamehe, tangu nikiwa kwenye eda. Kulala ndiyo bado."

Nilimjaribishia za njano. Alikataa ya kwanza, akakataa ya pili, ya tatu ilikuwa ndogo kabisa, ya vifaranga hasa, na alipoiona akasema hiyo. Nikampa na swichi ya kuning'inia, ile ya kamba, nikamchorea fundi wake kwenye kipande cha boksi jinsi ya kuifunga karibu na mto. Alitaka kulipa. Nilikataa, akaniwekea juu ya kaunta mfuko wa sandarusi, ndani kuna makopa ya muhogo na kunde. Kisha akaniambia nifungue duka, watu wananihitaji.

Usiku ule nililala chumba cha uani, chini ya taa yangu. Nilitaka kujua. Sikusinzia hata kidogo, na mimi sikuwa na mgonjwa, sikuwa nimefua wala kubeba mtu, nilikuwa nimekula nikashiba. Asubuhi nilimwita fundi. Alichimba ukuta, akaweka swichi kando ya kitanda, akashusha ile ya duara, akafunga ile ndogo ya ukutani yenye kikombe cha kioo. Ilikuwa kazi ya siku moja na nusu.

Ijumaa nikampigia mama. Baada ya mvua na afya nikamweleza yote: rangi, mahali, swichi jinsi ilivyo karibu, kwamba akinyoosha mkono tu anaifikia. Nikamwambia chumba kiko tayari, chake. Nilimsikia akisikiliza. Kwa mbali kuku walikuwa wanalia.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Wageni wako watalala."